Mshika Matatu

Ile methali ya mshika mbili moja humponyoka imetutesa vya kutosha. Kila nikiomba kazi ya kuandika hapa Nairobi naulizwa: wewe hasa ni nani, mwanahabari, mwanahistoria ama mshairi? Nikisema niliacha chuo mwaka wa pili, mazungumzo yanaisha. Mhariri mmoja alinirudishia makala kuhusu nyimbo za kwaya, eti hayo ni mambo ya kanisa, si fasihi, na historia niwaachie wenye digrii.

Sawa. Basi John Knox Bokwe naye angechagua nini?

Alizaliwa 1855 karibu na Lovedale, kituo cha wamisionari Waskoti katika nchi ya Waxhosa, Afrika Kusini. Akasoma hapo, akaajiriwa hapo hapo kuwa karani. Chuo kikuu hakukanyaga. Miaka mingi alishughulikia barua za bosi, na bado 1885 akatoa kitabu cha nyimbo zake za Kikristo, Amaculo ase Lovedale. Mwishoni mwa miaka ya 1890 akaungana na John Tengo Jabavu kwenye Imvo Zabantsundu, gazeti la Kixhosa ambalo Jabavu alilianzisha 1884. Halafu 1906 akawa mchungaji.

Mimi kinachonikamata ni Ntsikana. Huyu alikuwa nabii wa Kixhosa aliyekufa 1821. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alitunga nyimbo za Mungu kwa sauti za kwao, na watu wakazibeba kwa midomo. Maneno yake wamisionari waliyachapisha mapema. Lakini sauti je? Nani angeiandika sauti? Ilihitaji mtu aliyekulia kwenye lugha hiyo, mwenye sikio la kwaya, na anayejua nota za solfa, zile d, r, m unazoziona hadi leo ubaoni kwaya zetu zikifanya mazoezi. Bokwe ndiye aliyeziandika nyimbo hizo kwa solfa. Kisha akaandika maisha ya mtunzi mwenyewe, kitabu kikatoka 1914.

Sasa niambie, hapo mwanamuziki anaishia wapi na mwanahistoria anaanzia wapi? Profesa asiyeimba angepata maneno peke yake. Mwimbaji asiyeandika angeimba vizuri, azeeke, afe nayo.

Najua utaniambia jamaa alikuwa mtu wa misheni hadi jina. Ni kweli. Hata kumchagua Ntsikana si jambo la bure: Ntsikana alimpinga Nxele, nabii yule mwingine, ambaye wafuasi wake waliivamia Grahamstown 1819 kupigana na Waingereza. Mimi moyo wangu uko na Nxele, sifichi. Lakini hoja hiyo ninaweza kubishana nayo kwa sababu kuna mtu alikaa chini akaandika. Kimya hakibishiki.

Na kimya ndicho tunachotengeneza hapa. Tunajaza kumbi za mashairi mjini, tunalia kwamba wakoloni walituibia kumbukumbu, halafu kijitabu cha jubilii ya parokia tunakicheka kwa sababu jalada lake ni baya. Ndani ya kijitabu hicho mna nani alitoa shamba, nani alifukuzwa mwaka wa hali ya hatari, nani alitunga wimbo gani na kwa nini. Hakuna gazeti lililoenda kuuliza. Mashindano ya fasihi hayana kifungu chake. Wimbo unaimbwa kwenye kila harusi, na ukiuliza ni wa nani unaambiwa "ni wa zamani."

Mtunzi wake pengine yuko hai, anauza mboga. Ama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na daftari lake la solfa liko chini ya kitanda huko mashambani. Ukienda mazishi Desemba hii, kabla watoto hawajagawana vyombo, uliza daftari liko wapi. Halafu uombe mtu akuimbie, simu ikiwa imewashwa.