Mshahara wa Wapagazi Umelala Wapi?

Wengi wetu huipita sanamu ya askari iliyoko barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa, bila ya kuyasoma maandishi yake. Yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, nayo yawataja wenyeji waliopigana katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 pamoja na wapagazi, ambao wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Sifa hiyo ni njema. Lakini miguu na mikono ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na jina lake, nalo halimo.

Vita vile havikuwa vyetu. Mwingereza alikuwa Mombasa na Nairobi, Mjerumani alikuwa Tanga na Dar es Salaam, na ugomvi wao wa Ulaya wakauleta huku. Mwezi wa Novemba 1914 Sultani wa Uturuki, aliyekuwa upande wa Wajerumani, akatangaza jihadi. Waislamu wa pwani yetu nao wakajikuta chini ya bendera ya Kiingereza. Kulikuwa na kikosi cha Waarabu wa Mombasa kilichoundwa na Arthur Wavell, Mwingereza yule aliyekuwa amekwenda Makka kwa kujigeuza mwaka 1908. Aliuawa Mwele, bara ya Gazi, Januari 1916. Habari zake zasomeka vitabuni mpaka leo.

Mpagazi hakuandikiwa kitabu. Alitakiwa kwa sababu mbung'o waliua wanyama wa mizigo na motokaa zilishindwa na njia. Mwanzoni watu waliitwa, kisha wakashikwa. Wagiriama walikataa kutoa vijana wao, na hilo lilikuwa moja katika mambo yaliyowasha vita vyao na serikali mwaka 1914. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwalazimisha watu, na mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa wilaya hata wilaya. Mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Walilishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusu, wakalala mvuani, na waliouawa na risasi walikuwa wachache mbele ya waliokufa kwa kuhara damu, kichomi na malaria. Jeshi la Kiingereza lilitumia wapagazi karibu milioni 1 katika vita vya Afrika Mashariki. Waliokufa wakahesabiwa hawapungui 95,000.

Sasa niambie, ndugu msomaji: mke wa mtu yule alikaa eda tangu siku gani? Hakuna aliyemletea habari, wala kaburi hakuonyeshwa. Katika sheria yetu mume aliyepotea ana mlango wake. Mashekhe wamekhitalifiana juu ya muda wa kungojea, lakini mali yake haigawanywi mpaka kifo kithibitike au kadhi ahukumu. Basi mwanamke akabaki si mjane wala si mke, na watoto wakawa mayatima wasiojulikana kuwa ni mayatima. Hasara ya namna hii haimo katika vitabu vya hesabu vya serikali yoyote.

Na ule mshahara? Ujira wa marehemu ni mali ya warithi wake, hata mtoto wa madrasa alijua hilo. Fedha za wapagazi waliokufa na waliopotea zilibaki nyingi bila ya kudaiwa. Oscar Watkins, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa idara yao, alishikilia kwamba ni haki yao. Ikaombwa zitumiwe walau kwa manufaa ya wenyeji, na wakubwa wa London wakakataa. Kwani nani angekwenda kudai? Mjane wa Vanga, asiyejua hata mumewe alifia upande gani wa mto Ruvuma?

Vita vilipokaribia kwisha, homa ya mafua ya 1918 ikaingia kwa bandari ya Mombasa, na kodi ya nyumba haikungoja mtu apone. Mwaka 1919 askari wa kizungu wakaanza kugawiwa mashamba ya bara. Mwafrika akavishwa kipande shingoni.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa; yawezekana wakafika 350,000. Radhi ikaombwa. Mimi sikatai radhi, ila aliyekula ujira wa mtu haanzi kwa radhi, huanza kwa kurudisha. Fedha zile na zihesabiwe kwa thamani ya leo, zijengewe shule na zahanati katika wilaya zilizotoa watu.

Hoja ya kwamba warithi hawajulikani isikubaliwe tena. Kwale, Kilifi, Tana na Lamu bado kuna nyumba zinazomtaja babu aliyechukuliwa asirudi. Aliye na jina hilo na aliandike, jina la baba yake, kijiji na mwaka, alipeleke kwa imamu wa msikiti wake, wakati wangali hai wazee waliolisikia kwa mama zao.