Gharama ya kutunza wazee iingie daftarini

Mfanyabiashara anayevuka kutoka Bwera kwenda Kasindi huijua hesabu yake: bei ya mzigo, nauli ya bodaboda, ushuru, malipo ya wachukuzi. Gharama moja haiandikwi: nani amebaki nyumbani na mzazi asiyeweza tena kuteka maji wala kujipikia?

Jibu la kawaida ni kwamba familia ipo. Ipo kweli, lakini utunzaji wake si wa bure. Siku ya soko Mpondwe, binti hukosa masomo ili akae na bibi yake, au mama mwenyewe hafungui kibanda. Hasara hiyo hairudishwi na mtu.

Kupitia mpango wa SAGE, Serikali ya Uganda huwapa wazee shilingi 25,000 kwa mwezi, yaani chini ya 850 kwa siku. Katika wilaya nyingi za majaribio, mzee wa miaka 65 alistahili; mpango ulipoenea nchi nzima, umri ukapanda hadi 80. Mwenye miaka 70, aliyemaliza mgongo kwa kubeba kahawa na samaki, hapati kitu. Umri huo hauna budi kushushwa.

Makao ya wazee nayo si mepesi. Nyumba ya Bakateyamba iliyopo Nalukolongo, Kampala, ambayo Papa Francis aliitembelea mwaka 2015, huendeshwa na masista kwa moyo wa huruma. Makao ya namna hiyo hudai chakula, dawa na wauguzi kila siku ya mwaka. Kasese haiwezi kujenga moja kila kata.

Njia iliyo karibu ni vikundi vya akiba vya sokoni. Vikundi hivyo huchangia msiba bila kusitasita. Kwa nini mchango usubiri mzee afe? Fungu dogo la kila siku ya soko linaweza kumlipa mtunzaji mmoja azungukie nyumba kadhaa, ili watoto wabaki shuleni na vibanda vibaki wazi.

Na kila mfanyabiashara ajitazame. Tangu sheria ya NSSF irekebishwe mwaka 2022, hata asiye na mwajiri anaweza kuweka akiba ya hiari. Uzee hausubiri bei ipande. Anayeharakisha kuchangia jeneza aanze sasa kuchangia uji.