Mkeka wa Kipungani Nao Udai Haki Yake

Nina neno ambalo nataka kulitoa, na likiwa chungu mniwie radhi. Tukisikia habari za "biashara ya haki" twadhani ni mambo ya Ulaya na kahawa yao. Mimi nasema ni mambo ya mkeka wa hapa hapa Kipungani.

Huko Uingereza, katika jimbo la Lancashire, kuna mji uitwao Garstang, mdogo kuliko Lamu mjini. Daktari wa mifugo, Bruce Crowther, na wenzake walijitahidi kuwashawishi wenye maduka wauze kahawa na chokoleti ambazo mkulima wake amelipwa bei ya halali. Wengi waliwapuuza. Basi wakawaalika wakubwa wa mji kwenye mlo, wakawapakulia vyakula vya biashara ya haki pamoja na vya wakulima wa papo hapo. Aprili mwaka wa 2000 wakaazi walikutana, wakapiga kura, na Garstang ikajitangaza kuwa mji wa kwanza duniani wa biashara ya haki. Hakuna serikali iliyowaamuru! Leo miji ya namna hiyo yapita 2,000, na London yenyewe iliingia mwaka wa 2008. Masharti si magumu: baraza lipitishe azimio, maduka na hoteli ziuze bidhaa hizo, shule na ofisi zizitumie, watu watangaziwe, na pawe na kamati isiyolala.

Sasa hebu turudi kwetu. Miyaa huvunwa, huanikwa, huchanwa, mingine hutiwa rangi, ndipo ukili husukwa, tena ukili huo hushonwa hadi uwe mkeka. Yote ni kwa mikono, na mara nyingi baada ya kupika na kuteka maji. Wale mabingwa wa hesabu wanisaidie. Tuseme mama amesuka siku 15, akauza kwa shilingi 1,500. Hiyo ni shilingi 100 kwa siku, na bado hatujatoa pesa ya rangi wala nauli ya mashua ya kwenda mjini. Kisha mnunuzi anauliza, "Bei ya mwisho?" Kwani ya kwanza ilikuwa na nini? Na msidhani ni watalii tu. Sisi wenyeji ndio wakali zaidi wa kupunguza.

Simlaumu mchuuzi, naye ana gharama zake. Tatizo ni kwamba kila msusi huuza peke yake, kwa hivyo bei huamuliwa na yule mwenye shida kubwa siku hiyo. (Mvuvi aliyekopeshwa nyavu na tajiri wake anajua ninalosema.) Wakulima wa kahawa walio katika biashara ya haki huuza kupitia chama chao. Kuna bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kuishuka, na juu yake huongezwa pesa ambazo wakulima wenyewe huamua zijenge nini. Mkeka wetu hauna chama wala bei ya chini.

Najua kuna atakayeniuliza: bei ikipanda, si watu watakimbilia mikeka ya plastiki? Swali hilo ni zito, maana ya plastiki ni rahisi na imejaa madukani. Lakini ndiyo sababu nasema mji mzima, sio mtu mmoja mmoja. Mwenye hoteli akilipa bei ya haki peke yake, jirani yake atamcheka. Hoteli, misikiti, ofisi za kaunti na shule zikikubaliana pamoja, nani atamcheka nani? Lamu mjini, ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka wa 2001, husifiwa kwa majumba na milango yake. Mbona mikono isukayo mikeka ya majumba hayo haihesabiwi?

Naomba chama chetu cha Kiswahili kianze. Zawadi za siku ya wazazi mwaka huu ziwe mikeka na vikapu, vinunuliwe kwa bei watakayokubaliana wasusi wenyewe wakiwa wamekaa pamoja, na kila kimoja kifungwe karatasi inayosema kilichukua siku ngapi. Pili, tuwaandikie wawakilishi wa Bunge la Kaunti ya Lamu, tuwaombe azimio kama lile la Garstang. Barua nimekwisha kuianza. Anayetaka kutia sahihi yake anione Kidato cha Tatu saa ya mapumziko, na aje na kalamu yake, maana yangu imekaribia kuisha wino.