Nairobi: Magari ya wagonjwa yapo, swali ni nani analipa

Kabla jua halijachomoza, soko la Gikomba jijini Nairobi huwa limeshachangamka. Marobota ya mitumba yanakatwa kamba, wanunuzi wa kutoka Arusha, Mbale na Kisumu wanagombea nguo za mwanzo ambazo wenyeji huziita kamera, na mikokoteni inapenya katikati ya umati. Ikitokea mtu ameanguka akiwa ameshika kifua, au lori limemgonga likirudi nyuma, swali la kwanza la waliomzunguka mara nyingi si anaumwa nini. Ni je, ana mtu wake hapa?

Swali hilo si la ukatili. Wanaouliza wanajua kwamba muda si mrefu mtu atatakiwa kutaja nani anabeba gharama: za gari, za mapokezi, za kitanda. Mwenyeji atapigiwa ndugu yake. Lakini Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda au Mkongo aliyeingia mjini jana usiku kwa basi, fedha ya mzigo ikiwa kiunoni na simu ikiwa na laini ya nchi nyingine, hana wa kupigiwa.

Nairobi si mji usio na magari ya wagonjwa. Yapo ya serikali ya kaunti, ya Msalaba Mwekundu, ya St John, ya AMREF Flying Doctors, ya hospitali binafsi na ya makampuni ya biashara. Kinachokosekana ni mambo matatu: namba moja ambayo kila mtu anaijua, mamlaka moja yenye uwezo wa kutuma gari lililo karibu zaidi bila kujali ni la nani, na mlipaji anayejulikana kabla dereva hajawasha injini. La tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalowagusa zaidi wanaovuka mipaka kutafuta riziki.

Namba nyingi, mlango haujulikani

Anayepiga 999 au 112 nchini Kenya anapokewa na polisi. Polisi wanaweza kusaidia, lakini magari ya wagonjwa si yao. Kila mtoa huduma ana namba yake, na kila kampuni ina orodha ya wanachama wake. Mtu asiye mwanachama atahudumiwa, lakini kwanza ataulizwa atalipaje. Kampuni ya Rescue.co ya Nairobi imejenga biashara yake juu ya pengo hilo hilo: imeunganisha magari ya watoa huduma mbalimbali katika mfumo mmoja unaoonyesha lipi liko karibu na mgonjwa. Ukweli kwamba kazi hiyo ilifanywa na kampuni inayouza uanachama, badala ya kuwa ya umma tangu mwanzo, unaeleza mengi.

Chanzo kimoja cha mkanganyiko kimo ndani ya Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti jukumu la huduma za magari ya wagonjwa. Hospitali kuu za rufaa, ikiwemo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, zimebaki chini ya serikali kuu. Polisi wanaopokea 999 nao ni wa serikali kuu. Sehemu kubwa ya magari ni ya binafsi au ya mashirika. Kwa hiyo safari ya mgonjwa mmoja kutoka Gikomba hadi Kenyatta, kilomita chache tu, inaweza kupita mikononi mwa mamlaka tatu au nne ambazo hakuna inayoweza kuiamuru nyingine.

Sera ya Huduma za Dharura ya Kenya ya 2020 hadi 2030 imelitambua tatizo hilo na inataka mfumo mmoja ulioratibiwa. Lakini sera haina magurudumu. Inahitaji kaunti, serikali kuu na makampuni kukubaliana nani anatoa amri na nani anatoa fedha.

Njia zenyewe nazo ni mtihani. Nairobi ilihesabiwa kuwa na wakazi karibu milioni 4.4 katika sensa ya 2019, na msongamano wa asubuhi na jioni haumjui mgonjwa. Ndani ya masoko hali ni ngumu zaidi. Moto ulioteketeza sehemu ya Gikomba alfajiri ya Juni 28, 2018 uliua watu 15, na kila mfanyabiashara wa soko hilo anajua jinsi vibanda vilivyobanana visivyoacha upenyo wa gari kubwa. Hapa wafanyabiashara wenyewe wana sehemu ya lawama: anayesogeza meza yake hatua mbili barabarani anajiongezea mauzo, lakini anaifunga njia ambayo siku moja ataihitaji yeye.

Saa 18 ndani ya gari

Hata gari likifika, safari haijaisha. Oktoba 2015 Wakenya walishtushwa na habari za mwanamume aliyegongwa na gari akapata majeraha ya kichwa. Alikaa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa kwa sababu chumba cha wagonjwa mahututi katika hospitali ya rufaa kilikuwa kimejaa, na hospitali binafsi zilitaka malipo ya awali ambayo familia haikuwa nayo. Hatimaye alifariki.

Katika kisa hicho gari lilikuwepo, wahudumu walikuwepo na hawakumwacha mgonjwa wao. Kilichokosekana ni kitanda, na mtu wa kusema: mpokeeni, hesabu zitafuata.

Sheria ilikuwa imeshasema hivyo. Ibara ya 43 ya Katiba inaeleza kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Neno lililotumika ni mtu, si raia. Sheria ya Afya ya 2017 ilikaza zaidi: matibabu ya dharura yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na kupanga ahamishiwe anakoweza kutibiwa. Hospitali yenye uwezo ikikataa, inaweza kutozwa faini ya hadi Sh3 milioni za Kenya.

Kwa mfanyabiashara wa kigeni, huo ni ulinzi ambao wengi hawajui kwamba wanao. Lakini haki isiyo na fungu la fedha huishia mlangoni. Hospitali inayompokea mgeni asiye na bima leo, kesho haioni wa kumpelekea ankara. Mwenye gari naye hununua mafuta na kulipa wahudumu. Sheria inapomwambia afanye kazi bila kumwambia nani atamrudishia gharama, atatafuta sababu ya kuchelewa.

Kenya imejaribu kuliziba pengo hilo. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, na miongoni mwa mifuko yake upo wa magonjwa ya dharura, sugu na mahututi. Ni hatua ya maana, kwani sasa kuna mfuko wenye jina. Lakini sheria iliyounda mfumo huo, ya mwaka 2023, inamtaka mgeni anayeingia Kenya kwa muda usiofika miezi 12 awe na bima ya afya ya safari. Mwenye kibanda Kariakoo anayekwenda Nairobi kwa siku mbili, mara mbili kwa mwezi, yumo katika kundi hilo. Ni wangapi wanaopita Namanga au Busia wakiwa na bima ya namna hiyo mfukoni?

Majirani wamefanya nini

Miji mingine ya kanda haijafika peponi, lakini ina mafunzo. Rwanda ilianzisha huduma yake ya taifa ya dharura, SAMU, mwaka 2007, chini ya Wizara ya Afya. Namba ni moja, 912, na kupiga ni bure. Changamoto zipo: wapigaji wengi hueleza walipo kwa kutaja kanisa, duka au mti kwa kuwa hawana anwani kamili, na ajali za pikipiki huchukua sehemu kubwa ya kazi. Kigali pia ni ndogo kuliko Nairobi na amri hutoka juu, hivyo kulinganisha kuna mipaka yake. Hata hivyo, mgeni aliyefika Kigali leo anaweza kufundishwa namba ya dharura kwa sekunde tano.

Tanzania ilianza kwenye malipo. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2022, unahudumia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kupitia namba 115. Gari la wagonjwa likiwa mbali, kituo humwita dereva wa kawaida wa jirani aliyesajiliwa. Dereva akimfikisha mama hospitali, hulipwa kwa simu. Hamuulizi mama ana shilingi ngapi, kwa sababu anajua nani atamlipa.

Nairobi yenyewe iliwahi kuonja jambo hilo. Mwaka 2020, amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya korona ilipowafungia nyumbani wajawazito, daktari Jemimah Kariuki alianzisha mpango wa Wheels for Life. Mama alipiga namba moja bila malipo, daktari akapima uzito wa hali yake, kisha ikatumwa teksi au gari la wagonjwa kulingana na hitaji. Magari hayakushuka kutoka mbinguni. Ni yale yale yaliyokuwa mjini, ila sasa yalikuwa na anayeyaita na anayeyalipia.

Lori lina kadi, mwenye mzigo hana

Kwa wanaovuka mipaka, kuna mfano wa karibu zaidi. Tangu miaka ya 1980, magari yanayovuka nchi za ukanda huu yametumia Kadi ya Njano ya COMESA. Lori la Uganda likipata ajali Kenya, kadi hiyo inashughulikia madai ya waliodhurika, pamoja na gharama za matibabu ya dereva na abiria wa gari hilo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini iliendelea kuwemo katika mpango wa kadi. Yaani serikali zimeshajua kulipana gharama za hospitali kuvuka mpaka. Bima za nchi moja na nyingine huandikiana, na fedha hufika.

Lakini kadi hiyo inafuata gari na ajali yake. Mwenye mzigo akishateremka, akaingia sokoni na kupatwa na shinikizo la damu au kuangukiwa na robota, yuko peke yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilimfungulia njia ya kwenda. Haikumwekea wa kumsimamia akiugua.

Wapo watakaosema kwamba walipa kodi wa Nairobi wana wagonjwa wao wa kutosha, na kwamba kubeba wageni ni kuwaongezea mzigo. Hoja hiyo ina uzito, lakini isizidishwe. Matibabu ya dharura si matibabu yote. Ni kumtoa mtu sokoni akiwa hai na kumtuliza hadi ndugu au bima yake ipatikane. Na mgeni huyo ndiye anayelipia nyumba ya wageni, wabeba mizigo na mabasi, na ndiye anayenunua marobota yanayoiweka Gikomba hai.

Njia rahisi ni kutanua kilichopo. Makampuni ya bima ya nchi za Jumuiya yanaweza kuuza bima ndogo ya dharura pale pale kwenye vituo vya pamoja vya mpakani, kama Busia, Malaba, Namanga na Rusumo, ikiandikwa kwa siku chache na kulipiwa kwa simu. Ikikubaliwa na mfuko wa dharura wa SHA na mifuko ya majirani, hospitali ya Nairobi itajua ankara inakwenda wapi. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina sauti ya kutosha kulidai hilo, kama vilivyopigania taratibu rahisi za forodha kwa wenye mizigo midogo.

Kabla hayo hayajafika, kuna ya kufanya kwa mkono wako. Anayekwenda Nairobi aulize gharama ya bima ya safari kabla ya kupanda basi. Awe na laini ya Kenya yenye salio, na karatasi mfukoni yenye jina la ndugu, ugonjwa alionao na dawa anazotumia. Aulize mwenyeji wake wa soko, siku akiwa mzima, hospitali ya karibu ni ipi na gari gani huitikia haraka mtaa huo. Na akifikishwa hospitali, yeye au aliyemsindikiza akumbuke kwamba Katiba ya Kenya inamlinda mtu yeyote, awe na kitambulisho cha nchi hiyo au asiwe nacho.

Bomu lilipolipua ubalozi wa Marekani mjini Nairobi Agosti 7, 1998, majeruhi wengi walifikishwa hospitali na matatu, teksi na magari ya wapita njia, na hakuna aliyeulizwa ana bima gani. Siku ile mji ulionyesha kwamba una moyo. Zaidi ya robo karne baadaye, wafanyabiashara wanaouingia kila alfajiri wanahitaji huduma isiyongoja msiba mkubwa kama ule ndipo ifanye kazi.