Rumba ya Kongo, na sisi tumo

Wadau, Desemba 2021 UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu. Kinshasa na Brazzaville walishangilia, na ni haki yao. Lakini Bongo nasi tumo. Remmy Ongala alitoka Zaire ya wakati huo mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy hapa Dar. Mwaka huohuo ikazaliwa DDC Mlimani Park, wana Sikinde. Magitaa yakabaki na sebene ya Kikongo, maneno yakawa Kiswahili chetu: mapenzi, umaskini, kifo. Leo nyimbo za enzi hizo zinajazwa kwenye flashi pale Kariakoo kwa bei ya kutupa, na waliozipiga hawaoni hata senti. Urithi gani huo usiomlisha mwenyewe? Tuanze kulipia jamani!