Uraibu wa Garimoshi

Neno uraibu limehama makao yake. Kwa maana yake ya zamani, ambayo wanafunzi wa Kenya bado huandikia insha, uraibu ni jambo alipendalo mtu na kulitenda kwa kujifurahisha katika saa za mapumziko: kuvua, kufuma, kukusanya stempu. Katika vituo vya afya vya Tanzania maana hiyo imekaribia kufa. Mraibu ni mtu wa heroini, wa pombe au wa kamari, na tiba ya uraibu ni tiba ya kumtoa mtu katika jambo, si ya kumtia katika jambo.

Hasara hii si ya lugha peke yake. Huduma ya afya iliyokosa neno la kukitaja kitu akipendacho mtu kwa wema hukosa pia desturi ya kuuliza habari zake. Mgonjwa huulizwa kama anavuta sigara, kama anakunywa, na kwa kiasi gani. Ni mara chache aulizwe mikono yake hufanya nini Jumapili alasiri, au mwanawe hucheza mchezo gani mpaka akasahau kula.

Mkoani Songwe jibu la swali hilo la pili, kwa watoto wengi waishio kando ya njia, lingekuwa garimoshi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba kuanzia mwaka 1970, ilifika mpakani Tunduma mwaka 1973 na kukabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia Julai 1976. Urefu wake kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, na kati ya hizo zipatazo 975 zimo Tanzania. Njia hupita Mlowo, hupita Vwawa, kisha huvuka Tunduma na kuingia Nakonde. Katika mji ambao malori yaliyopanga foleni ya forodha yamekuwa sehemu ya mandhari, treni ya abiria kwa miaka mingi imekuwa mgeni wa siku chache tu katika wiki. Mgeni wa namna hiyo husubiriwa. Mtoto huisikia honi kabla ya kuiona, huacha alichokuwa akifanya, hukimbia, huhesabu mabehewa. Jioni mabehewa hayo huzaliwa upya uani: kopo la dagaa ndilo kichwa, mabua ya mahindi ni mabehewa, vizibo vya soda au vipande vya ndala kuukuu ni magurudumu.

Ulaya na Marekani shughuli hii ina heshima, soko na vyama vyake. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha katika maonyesho ya Leipzig treni ya kuchezea yenye reli za kuunganishwa vipande kwa vipande, na tangu hapo watu wazima, wakiwamo madaktari na wahandisi, wamekuwa wakijenga reli nzima katika vyumba vya nyumba zao. Skeli ipendwayo zaidi ni ya 1:87. Kwa skeli hiyo sehemu yote ya TAZARA iliyoko Tanzania ingetoshea katika kilomita 11 na ushei, na upana wa njia yake, milimita 1,067, ungekuwa milimita 12, sawa na kidole kidogo cha mtu mzima. Mpenzi wa kweli wa treni hazioni hesabu hizo kuwa upuuzi. Atapenda kujua pia kwamba Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, na kwamba kwa sababu ya milimita 67 tu behewa la njia moja haliwezi kupita katika njia ya pili, hata ikabidi mizigo ihamishwe Kidatu kutoka behewa hadi behewa.

Mtoto wa Mlowo hana skeli ya 1:87, lakini hesabu anazo. Lazima aone kwamba behewa lenye magurudumu ya ukubwa usiolingana huinama, kwamba waya ulioungana kwa kukazwa mno huzuia treni kupinda, kwamba mzigo ukirundikwa upande mmoja huangusha chombo chote. Hujifunza kusubiri gundi ikauke. Hugawana kazi na wenzake, hugombana nao juu ya nani awe dereva, hupatana. Yote hayo yana majina katika vitabu vya makuzi: uratibu wa jicho na mkono, kupanga hatua, kujidhibiti, lugha. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika mafunzo yao ya kumhudumia mtoto ili akue vema, huwafundisha wahudumu kumwonyesha mzazi namna ya kucheza na mwanawe kwa vitu vilivyomo nyumbani. Tanzania nayo ilizindua Desemba 2021 programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na kuchangamshwa mapema ni mojawapo ya nguzo zake. Kwa hiyo treni ya mabua si jambo la kando. Ni jambo ambalo sera imekwisha kulikubali na ambalo chumba cha kliniki, penye mzani na foleni, bado hulisahau.

Yupo mtoto mmoja ambaye kwake kusahau huku kuna gharama kubwa zaidi. Huyu hapendi treni kama wenzake wanavyoipenda. Anaipenda peke yake, kila siku, na kwa namna ile ile. Hupanga vizibo katika mstari, na mtu akikisogeza kimoja hulia kana kwamba amechomwa. Hageuki akiitwa jina. Hanyoshi kidole kuonyesha kitu. Majirani husema amerogwa au amedekezwa, na mara nyingi dawa ya kwanza ni kuvitupa vizibo, ya pili ni kiboko. Huenda mtoto huyu ana usonji. Mapenzi makali ya jambo moja, na hasa ya vyombo vyenye magurudumu na vyenye ratiba, huonekana kwa watoto wengi wenye hali hiyo, ingawa ni kosa kudhani kwamba kila apendaye treni ana usonji. Kinachopaswa kumpeleka mtoto kituoni si treni. Ni kutosema neno hata moja akifikisha miezi 16, kutounganisha maneno mawili akifikisha miaka 2, au kupoteza katika umri wowote maneno aliyokwisha kuyajua.

Lakini akiisha kufika, treni yake isiachwe mlangoni. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kiliwahi kutumia filamu za katuni ambazo wahusika wake ni magari na treni zilizowekewa nyuso za watu halisi, ili kuwafundisha watoto wenye usonji kutambua furaha, hasira na hofu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: watoto wa miaka 4 hadi 7 waliozitazama kila siku kwa wiki 4 waliwakaribia wenzao wasio na usonji katika kuzisoma hisia usoni. Ulikuwa utafiti mdogo, wa watoto waliokuwa na uwezo wa kuzungumza, na haufai kukuzwa kuliko ulivyo. Hata hivyo fikra iliyomo ni ya maana kwa muuguzi wa Momba asiye na filamu yoyote. Kile mtoto anachokipenda ndicho mlango ulio wazi. Anayehesabu vizibo anaweza kufundishwa namba kwa vizibo, zamu kwa vizibo, na neno “nipe” kwa kizibo kimoja kilichoshikwa mkononi mwa mama. Kumnyang'anya ni kuufunga mlango pekee uliokuwa wazi, tena kwa fimbo.

Sifa hizi zisiwafiche wahudumu hatari zilizopo, na hapo lazima lugha iwe kavu. Njia ya reli si uwanja. Garimoshi la mizigo lililo katika mwendo huhitaji mamia ya mita ili lisimame, na dereva aliyemwona mtoto anaweza kupiga honi na kufunga breki bila kuweza kumwokoa. Kuweka vizibo juu ya reli ili vibonyezwe na magurudumu ni mchezo wa watoto wa kando ya reli popote duniani, na popote duniani umeua. Waya upatikanao kwa kuchoma tairi kuukuu huja na moshi ambao mapafu ya mtoto hayapaswi kuuvuta. Betri za gari zilizovunjwa, na rangi za zamani zinazobanduka, zina madini ya risasi, ambayo kwa kauli ya Shirika la Afya Duniani hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama mwilini. Na katika vitu vya kuchezea vyenye taa na milio vinavyouzwa kwa bei nafuu katika masoko ya mpakani, mna betri ndogo ya duara, mfano wa kifungo cha shati. Ikimezwa na kukwama katika umio huweza kuchoma nyama zake ndani ya saa 2. Mtoto anayetokwa na udenda ghafla, anayekataa chakula, anayekohoa bila mafua, na ambaye kuna kitu cha betri karibu yake, asitapishwe. Apelekwe bila kuchelewa katika hospitali yenye eksirei. Kwa kulinganisha, treni ya kopo lililokunjwa kingo na mabua yaliyokauka ni salama zaidi kuliko nyingi za dukani, na jambo hili wazazi wanaojinyima ili wanunue wanastahili kuambiwa.

Watu wazima wanahitaji nafasi katika hoja hii, maana ndio waliosahaulika zaidi. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikafika Mbeya. Mgonjwa aghalabu hunywa dawa yake mbele ya mhudumu kila siku, kisha hutoka. Ni saa tatu asubuhi. Mchana wote uko mbele yake, mtupu, na marafiki wa zamani wanajua alipo. Dawa imekwisha kuituliza arusi mbaya iliyokuwa ikipigwa mwilini, lakini haiwezi kuijaza siku. Ushauri husaidia, ajira ingesaidia zaidi, na hiyo ajira si rahisi kuipata. Kati ya ushauri na ajira kuna nafasi ambayo kazi ya mikono inaweza kuikalia: mtu anayekata bati, anayenyoosha waya, anayetengeneza behewa la 4 kwa kuwa la 3 halikumridhisha, ana sababu ya kurudi kesho mahali palepale. Hapana budi kusema wazi kwamba hili halichukui nafasi ya methadoni, wala asishawishiwe yeyote kuacha dozi kwa ajili ya ufundi. Ila kuna haki fulani katika kumrudishia mraibu maana ya kwanza ya jina analoitwa.

Aliyepatwa na kiharusi naye yumo. Mkono uliolegea hurejea, kadiri unavyoweza kurejea, kwa kurudiarudia tendo lenye lengo. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao hufundishwa KCMC mjini Moshi, wanalijua hili vizuri, lakini hawatoshi. Mzee aliyestaafu kazi ya reli akiambiwa afinye mpira mara 50 kwa siku huenda akachoka siku ya tatu. Akipewa wajukuu wanaotaka kujua kichwa cha treni kiliungwaje na behewa, atafinya, atapinda na kufunga bila kuhesabu, na huenda akazungumza pia, jambo ambalo sonona ya baada ya kiharusi humnyima.

Dar es Salaam, ambako wagonjwa wengi wa nyanda za juu hupelekwa kwa rufaa, treni si mgeni wa wiki bali ni chombo cha kila siku. Oktoba 2012 zilianza huduma mbili za treni za abiria za mjini, moja ya kampuni ya reli ya TRL na nyingine ya TAZARA iliyokwenda Mwakanga, na wananchi wakaziita papo hapo treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Tangu mwaka 2024 iko pia treni ya umeme iendayo Morogoro na Dodoma. Mtoto wa Tunduma aliyelazwa huko kwa wiki nyingi hukaa karibu na treni zote hizo asizioge hata moja kwa macho. Wodi ingeweza kumpa japo ya mfano. Hapo muuguzi wa kudhibiti maambukizi atakuwa na neno, na neno lake ni la haki: mabua na udongo havisafishiki, hivyo vibaki nyumbani. Kopo na plastiki ngumu hufutwa kwa dawa, na kila mtoto awe na chake, kiandikwe jina, kiende naye akiruhusiwa.

Pingamizi kubwa linajulikana. Muuguzi mmoja ana kina mama wengi, chanjo, mizani na rejesta, na kuongezewa swali la michezo ni kama dhihaka. Pingamizi hili ni la kweli kwa habari ya vikapu vya vitu vya kuchezea, vyumba na mafunzo, ambavyo vyote vina gharama na vyafaa kudaiwa kwa halmashauri. Kwa habari ya swali lenyewe si la kweli. Mtoto hupimwa uzito hata hivyo, na mama husimama hapo hata hivyo. “Anapenda kucheza nini?” huchukua muda ule ule ambao mshale wa mzani huchukua kutulia, na jibu lake laweza kuandikwa kwa penseli pembeni mwa kadi ya kliniki, mahali ambapo muuguzi wa mwezi ujao ataliona: treni, vizibo, huvipanga, haitiki akiitwa.