Anayelipa Asijisomee Kipimo

Alfajiri kwenye kituo cha maziwa, karani anazamisha kata hadi chini ya kopo bila kukoroga. Maziwa ya jioni yamelala usiku kucha, krimu yote imepanda juu, naye anachota ya chini! Mwisho wa mwezi naletewa karatasi: mafuta yameshuka, malipo yamekatwa. Ng'ombe ni yuleyule, majani ni yaleyale. Naomba kuiona sampuli. Imeshamwagwa.

Huu ni wizi, nami sitautafutia jina la adabu.

Mwaka 1890 Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alitangaza kipimo chake cha mafuta ya maziwa. Unachanganya maziwa na asidi ya salfa, unazungusha chupa kwa mashine, unaongeza maji ya moto, na mafuta ya manjano yanapanda shingoni penye alama. Hakukitafutia hataza, alikiacha kitumike bure, ili mwenye maziwa ya mafuta asilipwe sawa na mtia maji. Lakini hata kipimo hicho kinachezewa. Ukisoma chupa ikiwa imepoa, mafuta yanasinyaa na asilimia inashuka. Chupa yenye alama mbovu itadanganya kila siku. Ndiyo maana majimbo ya huko yalitunga sheria: chupa zikaguliwe, mpimaji awe na leseni, na anayesoma chini makusudi ashtakiwe.

Na sisi? Vituo vingi vinategemea lakitomita, kifaa kinachopima uzito wa maziwa kwa ujazo wake, si mafuta. Mwizi anaijua vizuri kuliko mkaguzi: engua krimu, lakitomita inapanda, tia maji, inarudi palepale, na maziwa yanapita kama mazima. Lakini kiwango cha Afrika Mashariki kinataka maziwa ghafi ya ng'ombe yawe na mafuta yasiyopungua asilimia 3.25. Anayelipwa kwa mafuta, kwa nini apimiwe na mnunuzi, kwa chupa ya mnunuzi, mlango ukiwa umefungwa? Mizani ya sukari dukani inakaguliwa na kupigwa mhuri. Chupa inayoamua ada za shule za wanangu nayo ipigwe mhuri!

Nataka sheria, si semina. Kopo likorogwe mbele yangu. Mpimaji asiajiriwe na mnunuzi. Na nusu ya sampuli itiwe dawa ya kuihifadhi, ifungwe kwa lakiri yenye namba yangu, ikae kituoni hadi nitakapotia sahihi kwamba nimekubali hesabu.